Kapeti orijino zinameguka: uzikarabati, uagize Japani, au ukashonewe Ngamiani, Tanga?

Inua kapeti ya dereva kwenye gari la michezo la mwanzoni mwa miaka ya 1990 lililokaa Tanga misimu kadhaa, halafu pitisha kidole mgongoni mwake. Ama kidole kitatoka na unga mweusi, ama kitanata. Ukiigeuza upande wa juu bado inapendeza: nyuzi zimesimama, nembo iliyodariziwa inasomeka, pedi ya kisigino ina mipasuko midogo tu. Ubovu uko chini, ndiyo maana wengi hugundua wakati vipande vya mpira vimeshaganda kwenye zulia la sakafuni.

Nazungumzia magari ambayo watu huyatunza kwa sababu kiwanda hakiyatoi tena: Eunos Roadster, jina ambalo Mazda MX-5 iliuzwa nalo Japani kuanzia 1989, Toyota MR2, Nissan Fairlady Z ya enzi hizo, na kwa mwenye bahati yake, Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Tanga hayajajaa, lakini yapo, mengine yamefunikwa turubai nyuma ya nyumba za Raskazone na Chumbageni yakimsubiri mwenyewe arudi likizo. Kwa gari la namna hii kapeti iliyotoka nalo si kitu kidogo. Mnunuzi anayejua anachokitafuta ataiulizia kama anavyoulizia kitabu cha gari na ufunguo wa akiba.

Njia zilizopo ni kuzikarabati zilezile, kuagiza nyingine za aina hiyohiyo, kushonewa nakala na fundi wa hapa, au kuweka kitu tofauti kabisa: mkonge, makumbi ya nazi, au mpira wa dukani. Msimamo wangu nautoa mapema. Kapeti orijino itoke ndani ya gari, itibiwe kiasi cha kuizuia isiendelee kuharibika, ikae nyumbani. Miguuni iwekwe nakala ya fundi. Lakini hata hilo lina kitu kinacholitangulia, na wengi hukiruka.

Bati kwanza

Kwenye mji wa bahari, kapeti kabla ya kuwa urembo ni kifuniko cha bati. Chini yake kuna zulia lililobandikwa, chini ya zulia kuna sponji au pamba ya kuzuia kelele, ndipo rangi, ndipo bati lenyewe. Maji yakishafika kwenye ile sponji hayana njia ya kutoka. Yanakaa humo wiki kwa wiki, na kutu inaanza kazi mahali ambapo hakuna anayeangalia. Sakafu za 240Z zina sifa hiyo mbaya dunia nzima, hata kwenye nchi kavu. Kwenye Roadster za mwanzo, zile za 1989 hadi 1997, paa la turubai lina mifereji miwili ya kutolea maji, kwenye kona nyuma ya siti. Ikiziba kwa majani na vumbi, mvua inafurikia ndani na kwenye kingo za bodi chini ya milango. Ukiegesha chini ya mwembe, masika moja inatosha kuiziba.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kapeti yoyote, toa zilizopo zote, tandika gazeti kavu juu ya zulia la sakafuni jioni na uliwekee kitu kizito, kitabu kinene au tofali lililofungwa kitambaa. Asubuhi likamate. Likiwa linalia kwa ukavu kama ulivyoliweka, endelea na maisha. Likiwa limelegea na wino umeanza kuachia, una maji huko chini, na hakuna kapeti itakayokusaidia mpaka ujue yanaingilia wapi: mfereji, mpira wa mlango, mpira wa kioo cha mbele, au tundu la waya lililoachwa wazi na fundi umeme. Zulia lifunguliwe, sponji itolewe ikauke nje ya gari, bati likaguliwe kwa tochi na kugongwagongwa kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya bati zima na ya bati lililoliwa hata mtoto atazitofautisha.

Kisha kuna chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, mpaka ikayeyuka yenyewe; kila jiko la pwani linajua hilo wakati wa mvua. Mchanga wa ufukweni umejaa chumvi hiyohiyo. Kapeti iliyokanyagwa na miguu iliyotoka kuogelea haikauki sawasawa hata uianike mara ngapi, kwa sababu kila usiku chumvi inairudishia maji. Dawa yake ni kuisuuza kwa maji ya bomba, si kuipigapiga ukutani peke yake.

Nikiishapita hapo ndipo napata kipimo cha kulinganishia njia zote: kapeti ipi inaruhusu sakafu kukauka, na ipi inaificha?

Kinachozila

Mgongo wa kapeti nyingi za enzi hizo ni mpira uliochanganywa na unga wa madini kuongeza uzito. Oksijeni hukatakata minyororo ya mpira pole pole. Mahali pengine inalainika na kunata, pengine inakauka na kumeguka. Joto linaharakisha. Wakemia wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 za Selisiasi, kasi ya mmenyuko hukaribia kuwa maradufu, sasa fikiria gari lililofungwa vioo mchana kutwa kwenye jua la Januari. Pedi ya kisigino ya vinili ina tatizo lake: vilainishi vilivyomo hutoka nje kidogo kidogo, kwanza inanata, baadaye inakakamaa na kupasuka. Na kapeti zenye sponji ya poliyurethani huliwa na unyevu wenyewe. Umewahi kutoa kabatini viatu vya harusi vilivyovaliwa mara mbili, ukapiga hatua soli ikabaki sakafuni? Ni jambo lilelile.

Ndiyo sababu sishauri ile hifadhi ya kufunga kapeti ndani ya mfuko wa nailoni na kuisukuma juu ya kabati. Unafungia unyevu ndani na kujipa moyo. Inazeeka humohumo.

Kuzikarabati zilezile

Hii ndiyo njia ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Fundi mmoja wa viti vya magari pale Ngamiani, aliyepelekewa seti ya MR2, aliigeuza kapeti ya dereva, akaipiga kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe, akautazama unga ulioanguka. “Uso mzima huu, kaka,” akasema. “Mgongo ndio wa kuvishwa.” Kisha akafanya kitu ambacho mafundi wengi hawakifanyi: akavuta uzi mmoja kwa kibano, pembeni kabisa, pale panapoingia chini ya siti. Haukutoka. Hapo ndipo akakubali kazi.

Kile kipimo cha uzi kina maana yake. Kapeti ya gari huwa na kitambaa chembamba ambacho nyuzi zimechomwa humo, kisha safu nyepesi ya mpira inayozishika zisichomoke, kisha ule mgongo mzito tunaouona. Mgongo mzito unaweza kuutoa. Ile safu nyepesi ukiigusa, nyuzi zinaanza kukuachia moja moja na hakuna wa kuzirudisha. Kwa hiyo kuparua ni kwa kifaa butu, kisu cha mezani au kile cha kupakia puti, na ni kwa subira; panapogoma paache. Petroli na tina zikae mbali. Vinasafisha haraka, ni kweli, na vinayeyusha gundi iliyoshika nyuzi haraka vilevile. Uzi ukitoka bila ubishi kwenye kile kipimo, usiparue hata kidogo: paka lateksi nyepesi, yaani mpira wa majimaji, kwa brashi ya rangi kwanza, iingie kwenye mashina ya nyuzi, ikauke, ndipo uanze kufikiria mengine.

Mgongo mpya unaofaa ni kitambaa cha pamba kigumu, marekani ileile isiyopakwa rangi, kilichogandishwa kwa lateksi ya maji. Kitambaa kifuliwe na kukauka kabla, la sivyo kitakuja kusinyaa na kukunja kapeti kingo. Lateksi ipakwe nyembamba, kapeti ilazwe juu ya meza iliyonyooka, juu yake ubao na mawe, usiku mzima, kivulini. Gundi ya viatu nimeiona ikitumika na sikuipenda: inakuwa ngumu, kapeti inapoteza ulaini wake wa kulala kwenye bonde la sakafu, na pengine inapenya juu na kuacha doa la manjano katikati ya nyuzi. Doa hilo halitoki.

Ukingo ushonwe kwa mkono, sindano ipitie matundu ya zamani. Cherehani itatoboa matundu mapya kando ya yale ya mwanzo, na kwenye ukingo uliochoka mistari miwili ya matundu ni sawa na kuuchana. Kuhusu kuosha: sabuni ya maji laini, sponji iliyokamuliwa, na kabla ya yote bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye kona uone kama rangi inaachia. Nyeusi za Kijapani nyingi zimeelekea kwenye kahawia kwa jua. Hilo halirudi kwa kuosha, na mwenye kukuahidi kuipaka rangi mpya mwambie asante, uondoke.

Faida ya njia hii iko wazi, unabaki na kitu chako. Hasara haisemwi sana: kapeti iliyokarabatiwa ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Lateksi mpya nayo ni mpira, nayo itazeeka. Kisigino cha dereva kila siku, klachi na breki kwenye foleni ya asubuhi, kitairudisha ilikotoka. Ni ya kutandika siku gari linapoonyeshwa au linapopigwa picha, na siku nyingine kulala nyumbani. Na kama pedi ya kisigino imetoboka hadi chini na nembo imelika, ukarabati ni kazi ya mapenzi tu. Zuia isiendelee kumeguka, basi.

Kuagiza Japani

Watu wa magari haya hupenda njia hii kwa sababu inafanyika kitandani na simu mkononi. Kwenye mnada wa mtandaoni wa Yahoo Japani zinapita seti zilizotumika, na wakala anazikusanya na kuzisafirisha. Ukilinganisha na soko la Marekani au Ulaya, Japani ina faida moja isiyo na mjadala: usukani uko kulia kama wetu. Kapeti ya dereva iliyokatwa kwa gari la usukani wa kushoto ina umbo jingine, mahali pa kupumzishia mguu hapalingani, na ukiilazimisha inajikunja pale pale penye pedeli.

Tatizo ni umri. Seti uliyoiona kwenye picha ilizaliwa mwaka uleule na yako. Hata ile inayouzwa ikiwa haijawahi kukanyagwa, imelala kwenye boksi tangu 1992, imekuwa ikivuta hewa muda wote huo. Imeepuka jua na kisigino, haikuepuka miaka. Ukiileta Tanga, ukaiweka kwenye joto la gari, unaweza kuiona ikianza kumeguka mbele ya macho yako baada ya kulipa bei, wakala, usafiri na ushuru. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: naomba picha ya mgongo, kwa karibu, kona ikiwa imekunjwa kidogo. Muuzaji mwenye kapeti nzima hana sababu ya kukataa. Anayekutumia picha ya nne ya upande wa juu amekujibu tayari.

Nissan na Toyota wana programu za kutengeneza upya vipuri vya baadhi ya magari yao ya zamani. Nissan ilianza na Skyline GT-R ya R32 mwaka 2017, Toyota ikafuata na Supra. Angalia orodha zao, haina gharama. Ila usiahirishe tatizo la sakafu yako kwa kusubiri kiwanda kikumbuke kapeti.

Ninapoona kuagiza kuna maana ni pale ambapo gari lilikuja bila kapeti kabisa, au zimekosekana moja au mbili kwenye seti. Hapo unatafuta ya kukamilisha, na hata ikiwa na mgongo mbovu, uso wake ukiwa mzuri, fundi wetu wa Ngamiani ana kazi anayoijua.

Nakala ya fundi

Hii haina majivuno, na kwa mji huu ndiyo ninayoipa kura. Fundi wa viti vya magari anachukua karatasi ya kaki, anachora umbo, anakata zulia la mita, anashona ukingo kwa utepe, anaweka pedi ya kisigino. Ukipeleka gari asubuhi, ukampata fundi hana viti vya daladala vinavyomsubiri, jioni unaweza kuondoka nazo. Ikichakaa, karatasi ya kaki ipo, zinakatwa nyingine. Karatasi hiyo ichukue uondoke nayo nyumbani, usimwachie. Mafundi huhama na kuta za gereji huvuja.

Kuna mambo ya kumsimamia, na usione haya kumsimamia. Umbo lichorwe kutoka kwenye sakafu ya gari, si kwa kulalia kapeti kuukuu tu, maana kapeti ya miaka 30 imesinyaa upande mmoja na kuvutika mwingine. Ya zamani iwe ya kulinganishia: mahali pa matundu, upana wa utepe, pedi ilikokaa. Matundu ya vishikizo vya kiwandani yawekwe palepale yakiwa na pete za chuma, kwa sababu zulia la mita la majumbani lina mgongo mgumu unaoteleza, na kapeti inayotembea chini ya mguu wa dereva ni hatari. Velkro inashika, lakini meno yake yanachuna zulia lililobandikwa, ambalo nalo ni orijino.

Halafu kitu chenyewe cha kukata. Zulia lenye mgongo wa gunia likatae hata liwe zuri vipi. Linanywa maji na kuoza. Kati ya nailoni na polipropilini, wauzaji watakusifia nailoni, na kwa kukanyagwa wana haki: nyuzi zake zinainuka tena baada ya kisigino, za polipropilini zinalala na kubaki zimelala. Lakini polipropilini hainywi maji. Unaisuuza chumvi, unaikung'uta, inakauka upesi. Kwa gari la Tanga nachukua hiyo, nikubali kwamba baada ya muda pale penye kisigino patang'aa. Ni nakala, haidai heshima zaidi ya hiyo. Rangi tafuta iliyo karibu na ya zulia la sakafuni; nembo usidarizi. Nembo ya kubuni kwenye kapeti ya Ngamiani inamfanya mnunuzi aanze kujiuliza ni nini kingine kimebuniwa.

Mkonge na makumbi

Hapa kila mtu ana la kusema. Ukitaja kapeti mbele ya Mtanga utaambiwa weka za mkonge, tena kwa fahari, na fahari hiyo ina historia yake: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mkoa mzima ukabadilika. Mkonge wetu ni mzuri kwa kamba, kwa mazulia ya sebuleni, kwa vikapu. Miguuni mwa gari la pwani siutaki. Unakunywa unyevu, unavimba, tone la maji linaacha alama, na ukishalowa chumvi unakaa na ubichi siku nyingi juu ya lile bati tulilotoka kulihangaikia.

Makumbi ni habari nyingine. Nyuzi za makumbi zina lignini nyingi, kile kinachoupa mti ugumu, na zinastahimili maji ya chumvi. Ndizo zilizoshona mitepe, vyombo vya kale vya bahari vya pwani hii, mbao kwa mbao, bila msumari. Magari ya Ulaya ya miaka ya 1950 na 1960, Porsche na Volkswagen kwa mfano, yaliwekewa kapeti za nyuzi za nazi kama ziada. Nyuzi zake ngumu zinasimama, mchanga unazama chini badala ya kusagwa na kiatu. Ukiwa na gari la kizazi hicho, kapeti ya makumbi inapendeza na inaendana na enzi yake. Ukiwa na Fairlady Z ya 1990 itaonekana imepotea njia. Na kote kote sharti iwe na mgongo, kwa sababu mchanga unaozama usipodakwa unaishia kusugua zulia lako la asili, na kapeti iinuliwe na kukung'utwa kila wiki.

Mpira wa dukani

Zile kapeti nyeusi za mpira zenye kingo zilizoinuka, za kukata kwa mkasi zienee gari lolote, ni za bei nafuu na zinadaka maji ya viatu vizuri. Kwa Noah ya biashara sina neno. Kwenye gari lenye sakafu inayoweza kuvujiwa, zinaficha kila kitu: juu pakavu, chini pameloa, na hewa haipiti.

Kibaya zaidi ni desturi ya kuzitandika juu ya kapeti orijino “ili zisichakae”. Orijino inapikwa kwa joto na unyevu katikati, na dereva anapata tabaka mbili chini ya pedeli. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, watu wanne walikufa kwenye Lexus ES 350 iliyokuwa na kapeti za mpira zisizo za modeli hiyo. Pedeli ya mafuta ilinasa. Mwezi uliofuata Toyota iliwataka wenye magari karibu milioni 3.8 nchini humo watoe kapeti ya dereva wakati suluhisho likiandaliwa. Kwa hiyo kapeti yoyote utakayochagua, hata ya fundi ndugu yako, fanya hivi gari likiwa limezimwa: ivute mbele kadiri inavyokwenda, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho, achia. Ikigusa kapeti popote, kata au irudishe kwa fundi. Tabaka mbili hapana, hata siku moja.

Ukiniuliza kwa gari lako

Kama unaliendesha mara kwa mara, hata ikiwa ni Jumapili tu hadi Muheza na kurudi, weka nakala ya polipropilini, orijino zipeleke nyumbani. Karabati mgongo tu kama uso unastahili. Kama haustahili, zipake lateksi nyepesi zisiendelee kumwaga unga. Fedha uliyotaka kuipeleka Japani itumie kwenye mifereji, mipira ya milango na rangi ya kuzuia kutu.

Kama gari limelala likimsubiri mwenyewe, lisikae na kapeti yoyote ndani. Zulia libaki wazi, na siku ya jua kavu mtu wa nyumbani afungue milango kwa saa kadhaa. Shangazi anayebaki na funguo hahitaji kujua chochote kuhusu magari kufanya hivyo; mwonyeshe tu gazeti linawekwaje, akupigie simu likilowa.

Kama unalo 240Z au gari jingine la thamani hiyo na unakusudia kulionyesha, hapo karabati orijino kwa fundi mwenye subira, ulipe subira yake, na utafute za kukamilisha seti Japani ukianzia na picha ya mgongo.

Orijino zinapolala nyumbani zilale bapa, zisikunjwe, zisiviringishwe. Kati ya moja na nyingine weka shuka la pamba lililochakaa au karatasi isiyo na wino, mgongo usigusane na mgongo, maana miwili inayonata ikikutana huitenganishi bila hasara. Zisikae sakafuni kwenye saruji, unyevu hupanda. Zisikae chini ya dari ya bati, joto hushuka. Na ukague mchwa kabla ya panya. Chini ya kitanda cha chumba kisichopata jua la mchana, juu ya ubao ulioinuliwa kidogo, ni mahali pazuri kuliko stoo. Bandika karatasi yenye namba ya chesi ya gari na mwaka zilipotolewa, na upige picha za pande zote mbili kabla hujagusa chochote.

Na kama gari unaliuza mwaka huu, usikarabati kitu. Zisafishe, zilete kwa mnunuzi zikiwa hivyo zilivyo, mgongo ukimeguka mbele yake, pamoja na nakala zilizo sakafuni. Mwache aamue mwenyewe anataka zifanyiwe nini.